Chesisi Iliyopakwa Rangi

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Mbelwa kule Mazinde, na kazi ya kuwachekesha wafiwa ikatuangukia sisi Wasambaa tulioshuka kutoka mlimani. Yeye alikuwa Mzigua, sisi watani wake, na mtani haendi msibani kulia tu. Nikavaa koti la marehemu juu ya gauni langu, nikachukua bakora yake, nikazunguka uani nikichechemea na kufoka kwa sauti yake: "Nani kaweka ndoo juu ya giaboksi yangu? Hiyo mnaijua bei yake, nyie?" Wajukuu wake walicheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja wao, binti anayesoma chuo, alinifuata baadaye nikiwa nakula wali, akaniamkia, akauliza babu yake alikuwa nani hasa kwangu. Nikamwambia alikataa kuniuzia chesisi. Akacheka tena, akidhani utani unaendelea. Sikumlaumu. Watu wa nyumba ile na sisi tumekuwa na shida hiyo tangu zamani, na siku ilipotuuma kweli ilikuwa katika mwaka mmoja ambao nimekuwa nikiuwaza tangu niliporudi Lushoto.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa kuolewa na sikuwa na haraka na jambo hilo. Niliishi kwa Mama Eliza, mfanyabiashara wa mboga na matunda, katika chumba cha nyuma nilichogawana na magunia ya karoti na, msimu ukifika, matenga ya plamsi ambayo harufu yake iliingia mpaka kwenye kitenge nilichojifunika. Dirisha lilitazama uani, na uani ndipo alipolala Shangazi. Shangazi lilikuwa lori la pua ndefu, rangi ya kijani iliyopauka, kuukuu kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka likiwa jipya. Tulimwita hivyo kwa kuwa ukimbembeleza anakwenda, ukimlazimisha anakununia mbele za watu. Kila siku ya gulio kaka yangu Yosia alimpeleka Mlola na kurudi naye amejaa kabichi na viazi, na juu ya mzigo wamekaa wenye mzigo wenyewe, akina mama na kanga zao wamejifunga vichwani kuzuia baridi. Nami nilikuwa hapo juu, nimekalia kabichi, natafuna hindi la kuchoma na kusikiliza nani kaachwa na nani. Sijawahi tena kupata kiti kizuri kama kile cha kusikilizia habari za watu, na nimekalia viti vingi.

Siku moja tukitoka gulioni, kwenye kona yenye bonde upande wa kushoto, tulisikia mlio chini yetu, kama mtu amevunja kuni nene kwa goti. Mzigo ukainama. Yosia akafunga breki, akaruka, akatia mawe kwenye matairi, kisha akatushusha mmoja mmoja kwa kutushika mkono, polepole, akimwambia kila mtu "shuka mama, shuka taratibu" kana kwamba tuko kanisani. Alipomshusha wa mwisho alikwenda kando ya njia akatapika. Hakuna aliyeumia. Lakini pale pale akatamka kwamba hatapakia tena binadamu juu ya Shangazi mpaka aone kwa macho yake mfupa mwingine chini yake, na Mama Eliza, ambaye kwa kawaida hakukubali kuamriwa na dereva, hakubisha. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa juu ya mzigo uleule.

Mfupa aliousema ni chesisi. Nilikuwa nimepanda gari miaka mingi bila kujua kwamba lina uti wa mgongo. Fundi Hoza alipokuja kumpandisha Shangazi juu ya magogo na kumvua bodi, nililala chini naye juu ya gunia, nikauona: reli mbili ndefu za chuma, zimeunganishwa kwa vyuma vya kukatiza, na kila kitu kingine, injini, springi, kebini, sisi na kabichi zetu, vimening'inia humo. Reli ya kushoto ilikuwa imepigwa kiraka juu ya kiraka, na ufa mpya umepita katikati ya viraka hivyo. "Injini ikifa, gari linasimama," Hoza aliniambia akipangusa grisi kwenye suruali. "Chesisi ikifa, gari linaendelea. Ubaya uko hapo." Alikuwa mtu mzima mwenye majivuno ya halali, magari ya mlima mzima yalipita mikononi mwake. Jioni tukila makande jikoni kwa Mama Eliza, tulizungumza chesisi kama watu wengine wanavyozungumza posa. Kuchomelea tena? Hoza alitikisa kichwa. Kulikuwa na moja Soni, lakini ya gari dogo, itanepa. Kulikuwa na mbili Mazinde, kwenye uwanja wa mtani wetu Mbelwa anayeuza magari yaliyokufa. Plamsi zilikuwa zimeanza kubadilika rangi. Bila Shangazi, akina mama wa Mlola wangewauzia walanguzi shambani kwa bei ya walanguzi. Na juu ya chesisi mbovu, wangekwenda bondeni pamoja na matenga yao. Kwa hiyo swali lilikuwa ni hilo tu, ni ipi tuwapandishe watu juu yake.

Tulishuka watatu, Mama Eliza, Fundi Hoza na mimi. Yosia alibaki, alisema akiiona dukani ataipenda kwa sababu ya hamu ya kazi. Mimi nilichukuliwa kwa kuwa nilikuwa nimeuliza maswali mengi mno, na Hoza alisema afadhali nikaulize vyuma vyenyewe. Mazinde ilitupokea na joto lake, nasi tuna masweta. Mbelwa wakati huo hakuwa mzee bado, alikuwa mwanamume mnene mwenye sauti ya kupiga mnada, akatuona tangu barabarani.

"Wasambaa hao! Fungeni kuku! Ficheni masufuria!" Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe mke wangu, umechelewa hivi, ulikuwa kwa nani?"

"Nilikuwa natafuta mume anayeoga," nikamjibu, na uwanja mzima ukacheka. Ndivyo tulivyosalimiana siku zote. Kwa Mama Eliza aliinamisha kichwa kidogo akasema shikamoo, kwa kuwa alikuwa amemzidi umri, kisha akamwuliza kama huko mlimani bado wanakula nyasi.

Chesisi zilikuwa mbili. Moja ililazwa kwenye majani, nyekundu kwa kutu, na pembe yake moja ya mbele imepinda. Nyingine ilikaa juu ya matofali, chini ya paa dogo la mabati, nyeusi tii, imepakwa rangi juu ya rangi, safi kuliko kabati la Mama Eliza. Hoza alitoa kamba yake akaipima pembe kwa pembe, akahama akapima upande wa pili. Ilikuwa imenyooka. Akaizunguka kimya, na nikaona ameshaipenda. Ile ya kutu aliipima kwa sababu tu ilikuwepo.

"Hiyo nyeusi siuzi," Mbelwa akasema.

"Utatuuzia, mtani. Wewe tumbo lako ulilipataje kama si kwa kutuuzia sisi?" Mama Eliza akamjibu.

"Mama, hiyo imeshakula mtu."

"Basi imeshashiba. Sisi haitatula!"

Tulicheka. Mbelwa naye alicheka, tena kwa nguvu, kwani mtani akikupiga lazima ucheke. Aliturudia mara ya pili, kwamba chukueni ile ya kutu, pembe inanyooshwa, chuma chake kizima, hii itawaua. Mama Eliza akamwuliza tangu lini Mzigua akamtakia Msambaa mema. Tukacheka tena. Nikikumbuka sasa, sioni namna yoyote aliyokuwa nayo ya kutuambia. Tangu tumjue alikuwa ametuambia kwa sauti hiyohiyo kwamba sisi ni wachawi, kwamba tunaoga mara moja kwa mwaka, kwamba bibi zetu walibadilishwa kwa chumvi. Hakuwa na sauti nyingine ya kuongea nasi. Lakini nilimwona mwanamke aliyekuwa amesimama mlangoni na jagi la maji ya kunywa. Alikuwa Mama Saidi, mjane wa Rajabu, mdogo wake Mbelwa, anayeishi katika nyumba ileile. Yeye hakucheka. Aliweka jagi chini akarudi jikoni, nami, kama desturi, nikamfuata kumsaidia.

Jiko lilikuwa la udongo, dari limekuwa jeusi, na kwenye sufuria maji ya bada yalikuwa yanachemka. Mimi bada, ugali huo wa muhogo, sikuizoea. Sisi mlimani tunaitania kwamba inavutika kama mpira. Mama Saidi alichota unga wa muhogo kwenye ungo akaanza kusonga, nami nikatoa vichwa vya dagaa. Mbelwa akaja akasimama dirishani kwa nje, akasema naye kwa Kizigua. Kizigua na Kishambaa ni ndugu wa karibu. Neno likinipita moja, la pili ninalikamata.

"Nimewaambia wanacheka. Nimewaambia tena wanacheka tena. Nifanyeje, nilie?"

"Waache waichukue," Mama Saidi akasema bila kugeuka. "Kila asubuhi nikitoka naiona. Unaipaka rangi kama kaburi. Waache waende nayo."

"Na ikiwaua?"

"Chuma hakiui. Rajabu alilala usukani. Njia nyoofu, jua limewaka, gari likaenda peke yake kwenye mkonge. Chesisi ilimfanya nini?" Akasonga kidogo. "Mimi ndiye niliyemwambia twende kwenye harusi ya dada, tukacheza mpaka kukapambazuka. Kila mtu anajua. Wewe pia unajua."

Nikasikia ndala za Mbelwa zikiondoka. Mama Saidi aliendelea kusonga, mkono haukubadilika mwendo, na nikajua kwamba maneno yale aliyasema kila siku, kimoyomoyo au kwa mdomo, kama mtu anayesali. Nilimwonea huruma. Na pamoja na huruma, nitasema kweli, nilibanwa na swali. Njia ya pale Mazinde naijua. Imenyooka mpaka macho yanachoka. Ningeelewa mtu akilala. Lakini nilikuwa nimelala chini ya Shangazi siku nyingi, nimeona springi zilivyoshikwa kwenye reli, na nikajiuliza ni nini kingine kinachoweza kulitoa lori kwenye njia nyoofu.

Nilitoka nikawaambia wenzangu nilichosikia. Hoza alicheka puani. "Amejua unasikia Kizigua. Wamekupangia wewe, binti. Mzigua hasimami dirishani bure." Mama Eliza akakubali, aliwahi kusikilizishwa habari za uongo za msiba na watani wa Korogwe, akanunua na sanda. Ndipo nikamwuliza Hoza lile swali langu la njia nyoofu. Hakucheka. Alitazama ile chesisi nyeusi kwa muda, akaenda kuchuchumaa upande wake wa mbele, mahali ambapo kikono cha springi kinashikwa na ribiti, zile pini nene za chuma, kwenye reli.

"Rangi hii nzito," akasema. "Chini yake hata mimi sioni."

Akamwomba Mbelwa ruhusa ya kuikwangua. Nilidhani atatoa mzaha. Alisimama tu akiitazama rangi yake, kisha akaingia ndani akatoka na brashi ya waya, akakwangua mwenyewe. Hoza akapaka mafuta ya taa pale chuma kilipobaki kitupu, akasubiri, akapangusa kwa kitambaa mpaka pakakauka. Alitaka chaki, na chaki hatukuwa nayo. Nikakimbia jikoni.

"Nipe unga kidogo, dada."

"Wa nini?"

"Wa kutazamia chesisi."

Hakunipa. Alibeba ungo mwenyewe akanifuata.

Hoza alinyunyiza ule unga wa muhogo juu ya chuma, mweupe, mwembamba, akaupuliza kidogo. Tukainama wote. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha mafuta yaliyokuwa yamejificha yakaanza kupanda kwenye unga, na mstari wa kijivu ukatokea kutoka kwenye tundu la ribiti, ukashuka mpaka ukingo wa chini wa reli, na mwingine ukapanda kukutana na tundu la pili. Tuliutazama ukijichora wenyewe. Hoza akatia patasi ukingoni akaigonga, chuma kikafunguka kama mdomo. Akaingiza ukucha. Akauangalia ukucha, akapitisha kidole ndani ya ufa, polepole, mbele na nyuma.

"Haukupasuka siku ya kuanguka," akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Chuma kikivunjika ghafla kina meno. Huu umesagika, laini. Kuta zake zimesuguana safari nyingi. Siku hiyo kikono kiliachia, ekseli ikavutwa upande mmoja. Hapo hata dereva awe macho kama bundi, gari halimsikii."

Wanaopenda kujua mambo ya magari huniuliza nikifika hapa kuhusu Shangazi, basi niwaambie: tulichukua ile ya kutu. Hoza aliigonga na kuipaka unga kila mahali, akainyoosha pembe kwa moto, Yosia alilala chini yake akaikagua nusu siku nzima kabla ya kukubali kupakia mtu, na plamsi za mwaka ule ziliteremka mlimani zikiwa na wenyewe juu yake. Shangazi alitubeba misimu mingi na hakumwangusha mtu. Nilishukuru wakati ule na nashukuru sasa. Lakini nikiamka alfajiri na mwaka ule umeniamsha, sioni plamsi. Naona uso wa Mama Saidi, na ungo umeinama mkononi mwake, unga unamwagika kwenye miguu yake na yeye hajui.

Alimtazama Fundi Hoza. "Wewe ni mtani wangu," akasema.

"Mama, mimi..."

"Wewe ni mtani wangu. Unanitania?"

Sijapata kumwona mtu mzima akihangaika kama Hoza alivyohangaika. Aliapa kwa Mungu, na mara akakumbuka, kama sote tulivyokumbuka, kwamba asubuhi ileile alikuwa ameapa kwa Mungu kwamba Wazigua wana mikia. Mama Eliza akasema, "Mwanangu, ni kweli," na machozi yanamtoka, na Mama Saidi akamtazama yeye pia kwa macho yaleyale. Watani hulia kwa uongo misibani. Ni kazi yao, na wanaifanya vizuri. Mbelwa hakuweza kumsaidia, kwani yeye alikuwa shemeji, angesema lolote ili ampe faraja. Nilimwona akijaribu. Yeye tangu asubuhi alikuwa upande huu wa ukuta huohuo, wa kusema kweli bila kuaminika, sasa sisi wote tumesimama naye.

"Niitieni mtu," Mama Saidi akasema. "Asiye mtani wangu wala wenu. Na msimwambie kitu."

Nilikwenda mbio mpaka barabarani. Pale kulikuwa na mchomeleaji mmoja, Mbena, aliyekuja zamani kwa kazi ya mkonge akabaki kuchomelea madirisha. Wazigua hawakuwa na utani naye na sisi hatukuwa na utani naye. Alikuwa mtu wa shikamoo na marahaba tu. Hakuwapo wakati wa ajali, na hakuna aliyekuwa amewahi kumweleza. Nikamwambia tunaomba aje atazame chuma, basi. Alikuja na miwani yake myeusi imepandishwa kwenye paji la uso, akasalimia kila mmoja, akashangaa kidogo kuona tumesimama mstari kama watoto wa shule. Mama Saidi mwenyewe akamwonyesha kwa kidole.

"Baba, hii ilipasuka lini?"

Mbena alichuchumaa. Alifuta unga kwa kiganja, akauliza wa nini, hakuna aliyemjibu. Akaingiza ukucha. Akawasha kiberiti akamulika ndani, akatia kidole kama Hoza alivyotia, akakipitisha mbele na nyuma.

"Zamani," akasema. "Hii ilikuwa inatembea imepasuka. Miezi. Tena mnaona hapa, ilikuwa inavutia kushoto, lazima usukani ulikuwa mzito kama jiwe." Akainuka akijipangusa magoti, akatutazama mmoja mmoja akitafuta mwenye gari. "Dereva wake ni nani? Kulizuia gari hili lisitoke barabarani hata siku moja, huyo mtu alikuwa hasinzii hata kidogo."

Mama Saidi alikaa chini pale pale, kwenye majani na unga, akajifunika uso kwa kanga, akalia kwa sauti kubwa, jina la Rajabu, tena na tena, kama siku ya kwanza ya msiba. Mbena alishtuka akaniuliza amekosea nini. Nikamwambia hajakosea.